Mwalimu Perpetua Manuai na Shairi la Kuni

Wasifu huu umeandikwa na Klara, binti wa marehemu. Unasomwa na Aloisi Manuai, kaka mkubwa wa marehemu, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, na kila aliyewahi kukaa darasani kwake anajua kwamba agizo la Mwalimu halikatiwi rufaa. Herufi zimechapwa kubwa hivi kwa ajili ya macho ya msomaji, siyo kwamba familia inajidai. Akiomba maji katikati, mpeni.

Marehemu Mwalimu Perpetua Manuai alizaliwa tarehe 14 Mei 1957 katika kijiji cha Tokuraka, kusini mwa kisiwa cha Bougainville. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Bibi Terese Manuai wa ukoo wa hondohondo. Baba yao, Mzee Yohane, alifariki mapema kwa homa ya mapafu, hivyo Bibi Terese aliwalea peke yake, kwa magimbi, nyimbo na fimbo, kila kimoja kwa zamu yake. Bibi huyo alikuwa mtunzi wa nyimbo za msiba. Mtu akifariki upande wowote wa mto, aliitwa yeye, akakaa chini miguu kanyoosha, akamtaja marehemu kwa jina na kwa matendo yake, na watu wakalia wakajisikia nafuu.

Aloisi alikuwa na miaka minne mdogo wake alipozaliwa. Alimbeba mgongoni kwenda naye mtoni, na alimwita Pepe. Mama yao aliwafundisha wote wawili kufunga mzigo wa kuni kwa fundo lake mwenyewe: kamba inazungushwa mara mbili, inapitishwa chini, kisha ncha inafichwa ndani, na mzigo ukifungwa hivyo hata ukiporomoka bondeni haufunguki. Aloisi alilijua fundo hilo akiwa na miaka mitano. Perpetua hakulipatia mpaka anaingia kaburini. Kuni zake zilimwagika njiani, na Aloisi ndiye aliyerudi kuziokota. Tunaomba mlikumbuke fundo hilo.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari ya wasichana kwa Masista hadi 1974, na baada ya mwaka mmoja nyumbani akapelekwa chuo cha ualimu huko Goroka, kwenye milima ya Papua New Guinea. Baridi ya Goroka hakuwa ameisikia hata kwa hadithi. Wiki ya kwanza alilala amevaa magauni yake yote matatu, moja juu ya jingine, na asubuhi alikwenda darasani hivyo hivyo kwa kuogopa kuvua. Huko ndiko alikojifunza kwamba shairi huulizwa swali kama mtu anavyoulizwa, na huko ndiko alikolipata lile swali alilotusumbua nalo sote: Ni nani asiyetajwa, na kwa nini?

Alianza kufundisha fasihi mwezi Januari 1979 katika sekondari ya pwani, akafundisha mpaka vita vilipofunga shule, akarudi darasani mwaka 1998, na akastaafu Desemba 2017. Kalamu yake nyekundu haikujua mipaka. Alisahihisha mitihani, matangazo ya kanisa, maandishi kwenye mabati ya duka, na mwaka mmoja alimrudishia padri mahubiri ya Kwaresima na maneno pembeni: "Umerudia." Wanafunzi aliwakataza kutafuna popoo, kisha akaenda kutafuna yake nyuma ya tangi la maji, akarudi na midomo myekundu akidhani hatujui.

Mwaka 1982 fundi seremala aliyekuja kutengeneza madawati ya shule alimwandikia barua ya mapenzi. Mwalimu aliisahihisha. Aliirudisha imejaa wino mwekundu, na chini ameandika: "Sita kati ya kumi. Hoja nzuri, ushahidi hautoshi." Fundi hakukasirika. Kesho yake alfajiri Bibi Terese alikuta uani mzigo mkubwa wa kuni, zimepasuliwa sawasawa, zimepangwa mbali na maji ya paa. Na keshokutwa tena. Akaendelea wiki tatu nzima, bila kusema neno. Bibi Terese akamwambia binti yake, "Wewe na kalamu yako. Huyu ushahidi wake unatosha kupikia mwaka mzima." Walifunga ndoa tarehe 11 Juni 1983, na mume akahamia Tokuraka kwa wakweze, kama wanaume wetu wanavyohamia.

Kuanzia siku hiyo jina lake lilifungwa. Wageni wengine wamo hapa leo, basi tuseme kidogo: kwetu mkwe hatajwi jina na mama mkwe wala na shemeji zake. Ni heshima. Bibi Terese alimwita "yule anayenipasulia kuni," na kuni alimpasulia kweli, miaka kumi na moja. Mkwe akifariki, hata mkewe huacha kulitaja jina, mpaka kaka mkubwa wa mke alete nguruwe, aketi mkekani na wafiwa, na alitamke mara moja mbele ya watu. Hapo matanga yanaanuliwa na vinywa vyote vinafunguka. Kaka asipokuja, jina hukaa limefungwa. Hakuna mwingine wa kulifungua.

Vita vya Bougainville kutaka kujitenga vilipokuja, Aloisi aliingia msituni na wapiganaji. Hatutamsema kwa hilo. Wengi mliomo humu mliingia, na wengine wenu mlikuwa upande wa pili, na leo mmekaa benchi moja. Perpetua, mumewe, watoto wao wawili na Bibi Terese walihamishiwa kambini pwani, chini ya jeshi la serikali, kwa kuwa bibi alihitaji dawa na dawa zilikuwa huko tu. Kambini hapakuwa na kuni. Waliokuwa na ruhusa walivuka mto kwenda kutafuta, wakijua kwamba wa msituni wanamhesabu kila mtu wa kambini kuwa adui.

Siku ya Jumanne tarehe 9 Agosti 1994, mume wa marehemu alivuka mto kwenda kumtafutia mama mkwe kuni. Hakurudi. Jumatano asubuhi Bibi Terese alitoka kibandani akakuta mzigo wa kuni umeegemezwa kwenye uzio wa kambi. Zilikuwa zimepasuliwa kwa mkono wa mkwewe. Lakini kamba ilikuwa imezungushwa mara mbili, imepitishwa chini, na ncha imefichwa ndani.

Bibi hakupiga kelele. Aliketi pale chini mpaka jua likawa kali, kisha akamwita Perpetua, akamwambia, "Andika. Usiandike majina." Karatasi hazikuwepo. Perpetua aliandika kwenye ubavu wa boksi la biskuti ngumu, na boksi hilo liko hapa, juu ya jeneza. Imeandikwa hivi:

Kuni zimefika, mbebaji hakufika.
Zimeegemezwa, mvua haijazipata.
Aliyezipasua simtaji:
mdomo wangu ulifungwa siku alipoingia kwangu.
Aliyezifunga simtaji:
mdomo wangu nimeufunga mwenyewe.
Fundo hili nalijua. Nilivifundisha vidole
vikiwa bado vinanuka maziwa.
Nisipozichoma, tutakula mabichi.
Nikizichoma, nitampikia nani?
Mnaonililia mnahesabu mmoja.
Mimi nimefiwa na wawili, na kaburi ni moja.

Shule zilipofunguliwa, Mwalimu alilifundisha shairi hili kwa kidato cha mwisho kila mwaka, bila kusema limetoka wapi. Aliliandika ubaoni, akakaa pembeni, akauliza swali lake. Majibu yalikuja ya kila aina. Mmoja aliandika kwamba asiyetajwa ni Yesu, kwa sababu kwa Masista alifundishwa kwamba hilo ndilo jibu la kila kitu. Mwingine aliandika kwamba asiyetajwa ni mtunzi mwenyewe, maana naye jina lake halikuwepo ubaoni, na Mwalimu alimpa alama mbili za ujanja. Lakini wengi waliandika jambo moja: mama huyu amepoteza watoto wawili wa kiume vitani. Kijana mmoja hakuchambua chochote. Aliandika tu jina la kaka yake, mara mbili, moja chini ya jingine. Mwalimu hakumpa alama. Aliandika pembeni, "Pole. Nimesoma."

Kosa hilo la watoto wawili lilikuwa la jamii yetu, siyo la wanafunzi. Watoto walikulia kambini, kwenye vibanda vilivyobanana, mkwe na mama mkwe wakipanga foleni moja ya mchele, na hakuna aliyewaeleza nani humpasulia nani kuni. Walijua vita, na walijua mama hulia mwanawe. Basi wakajaza nafasi kwa maiti wao wenyewe. Hata mkaguzi aliyetumwa kutoka ofisini alikosea, ingawa yeye alikosea kwa namna yake. Alisema, "Mwalimu, shairi hili halimtaji adui. Wanafunzi watachanganyikiwa." Mwalimu akamjibu, "Wameshachanganyikiwa, bwana. Ndiyo maana tunasoma."

Miaka kumi na mitatu ilipita hivyo. Kisha mwaka 2011 alikuja Salome Kevuri, msichana wa milimani aliyelelewa na bibi yake. Sasa ni mwalimu, na amekaa pale mstari wa pili. Salome alisimama akasema:

"Mwalimu, mbona hawa wanasema watoto wawili? Mama akifiwa na mwanawe atamlilia kwa jina mpaka majirani wachoke. Huyu anasema mdomo ulifungwa siku jamaa alipoingia kwake. Nani akiingia kwako mdomo unafungwa? Si mkwe?"

Darasa likacheka. Mmoja akasema, "Salome kashaanza kutafuta wakwe."

"Nyamaza wewe, huna hata panga la kupasulia kuni," akajibu Salome, na akaendelea. "Aliyekufa ni mkwe. Kaburi ni moja, mama kasema mwenyewe. Huyu wa pili ndiye mwanawe. Yuko hai."

"Kama yuko hai, mama amefiwaje?" Mwalimu akauliza.

"Kwa sababu ndiye aliyemuua mkwe, Mwalimu. Halafu akazileta kuni. Mama kaliona fundo akajua, na hasemi, maana akisema watamuua. Bado anampenda."

Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu alisema, "Kumi," akatoka nje, akanawa uso kwenye tangi, akarudi uso bado umelowa, akafundisha tashbihi mpaka kengele. Hiyo ndiyo kumi pekee aliyowahi kutoa kwa shairi lile.

Jioni hiyo alimweleza Klara yote. Bibi Terese, kabla ya kufariki mwaka 2004, alikuwa amemwachia neno: "Atakayeona mwenyewe, usimkatalie." Klara alikuwa na miaka ishirini na sita, na mpaka siku hiyo aliamini kwamba baba yake aliuawa na watu wasiojulikana. Alikasirika sana. Alimkasirikia mjomba, akamkasirikia bibi kwa kunyamaza, akamkasirikia na mama yake kwa kufundisha msiba wao kama somo. Mama yake alimwambia, "Ningefanya nini, mwanangu? Jina siruhusiwi kulitaja. Kumlilia sawasawa siwezi mpaka mtu fulani aje. Kulifundisha naruhusiwa."

Aloisi hakuja. Baada ya vita aliishi juu milimani, akakausha kakao, akazeeka. Mifupa ya shemeji yake ilipoletwa nyumbani mwaka 1999 alisimama nje ya uzio. Mama yake alipozikwa alisimama nje ya uzio. Watu walidhani ni maringo ya wapiganaji. Mwalimu alimwona kila mara, na kila mara alirudi nyumbani akaumwa kichwa siku mbili.

Mwaka 2019 madaktari waligundua kuwa Mwalimu ana ugonjwa wa sukari. Alipewa orodha ya vyakula vya kuacha, akairudisha imesahihishwa. Mwishoni mwa mwaka 2022 figo zilianza kushindwa na miguu ikavimba, na mwezi Januari 2023 aliomba arudishwe Tokuraka, alazwe barazani aone watu wakipita. Kisha alimtuma Salome milimani na nakala ya shairi. "Mpe kaka yangu," alisema. "Mwambie ni mtihani."

Aloisi alifika Jumamosi tarehe 18 Februari, saa tatu asubuhi, na mzigo wa kuni begani. Akasimama nje ya uzio. Klara alikuwa barazani akimenya viazi vitamu, na haya aliyasikia kwa masikio yake.

"Kuni hizo unamletea nani?" Mwalimu aliuliza kutoka kitandani. "Mama hayupo."

"Nimekuletea wewe, Pepe."

"Mimi siku hizi napikia gesi. Ingia."

Akaingia. Hakukaa kwenye kiti, alikaa chini.

"Umesoma?"

"Salome amenisomea mara tatu. Macho yangu hayashiki herufi ndogo."

"Haya. Ni nani asiyetajwa, na kwa nini?"

Klara alimaliza viazi vitatu.

"Wa pili ni mimi," akasema.

"Kwa nini hakukutaja?"

"Aliniona aibu."

"Hapana. Hapo umekosea. Angekutaja, ndugu za marehemu wangepanda mlimani kesho yake. Alijifunga mdomo uishi. Miaka kumi, kaka, kila Jumapili gimbi moja lilibaki chunguni na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Tuliambiwa ni la mgeni."

Hapo Aloisi alilia. Akasema, akilia, "Kulikuwa na ukungu mtoni. Tuliambiwa kila anayevuka ni wa jeshi. Nikaona mtu na mzigo begani, nikadhani silaha. Nilimjua alipoanguka, kuni zikamwagika. Kuni za mama, Pepe. Sikujua la kufanya. Nikaziokota moja moja, nikazifunga, nikazileta."

"Nimekuchukia," Mwalimu alisema. "Nataka ulijue hilo, nisikudanganye. Nimekuchukia miaka mingi, na kila mwaka nilipoandika shairi lile ubaoni nilikuwa nakungoja. Alama tano kati ya kumi. Na wa kwanza?"

"Hapa siwezi kumtaja. Hakuna watu, hakuna mkeka."

"Najua. Utamtaja nitakapozikwa. Watu watakuwepo, mkeka utakuwepo, na wewe ndiwe utakayesoma wasifu wangu. Klara ataandika. Ana hasira, ataandika vizuri."

"Nikishindwa?"

"Wanafunzi wangu nawapa dakika arobaini. Wewe umepewa miaka ishirini na minane. Hushindwi."

Wakatafuna popoo pamoja, wakichovya chokaa kwenye kibuyu kimoja, jambo ambalo daktari alilikataza waziwazi. Kisha Aloisi aliziwasha kuni zile jikoni, na siku hiyo gesi haikuguswa. Alilala hapo. Hakuondoka tena. Kwa siku ishirini na sita alimgeuza dada yake kitandani, alimwosha miguu, na alisahihishwa Kiingereza chake kila alipofungua mdomo.

Mwalimu Perpetua alifariki Alhamisi tarehe 16 Machi 2023, saa nne na nusu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Mkono wake mmoja ulikuwa mikononi mwa Aloisi na mwingine mikononi mwa Klara. Neno lake la mwisho linaloeleweka lilikuwa ombi la miwani yake.

Ameacha watoto wawili, Klara na Jonas, wajukuu watano, kaka yake Aloisi, Mwalimu Salome, anayelifundisha shairi sasa, na wanafunzi wa miaka thelathini na kitu, ambao wakikuta kosa kwenye karatasi hii wanajua la kufanya.

Imebaki sehemu moja. Jonas alitaka tuache mstari mtupu hapa chini, ili mjomba akishindwa, aibu isionekane kwenye karatasi. Klara alikataa. Mama yao aliamini kwamba atalitamka, na Mwalimu hakuwa na desturi ya kugawa alama bila ushahidi. Basi jina limechapwa. Mkeka umetandikwa, nguruwe amekwisha fika, na mwenye kinywa cha kulifungua amesimama mbele yenu. Mjomba, kunywa maji kwanza.

Mwalimu Perpetua Manuai analazwa leo, Jumatatu tarehe 20 Machi 2023, upande wa kulia wa mumewe, aliyempasulia Bibi Terese kuni, na jina lake ni

ANSELM ROKOVI.

Apumzike kwa amani Anselm, na apumzike kwa amani Perpetua wake. Na wewe, mjomba, umemaliza. Njoo ukae.